Amplifaya Iliyonyamaza Kwenye Matanga

Mama alirudi kutoka kliniki ya masikio amekasirika, na mama yangu akikasirika hufua. Alifua mashuka yaliyokuwa safi, akayaanika, kisha akaja kusimama mlangoni mwa banda langu la ufundi, lililo mbele ya nyumba yetu pale Isevya, Tabora, na hapo ndipo aliponieleza alichoambiwa na daktari. Sikio la kushoto limekwisha. La kulia liko njiani, na hakuna dawa ya kulirudisha. Aliyasema hayo kwa sauti ya mtu anayemsema mpangaji mkorofi.

"Sasa sikiliza," akaniambia. "Ile ampu ya baba yako uitengeneze. Nataka Jumamosi moja kabla na hili halijafunga."

Nikamwambia nitaitengeneza. Sikusema nitajaribu. Mimi nikishasema nitafanya jambo hulifanya hata kama nimekosea kulisema, na nyumbani wanaita hiyo kichwa ngumu. Hawajakosea.

Ili Jumamosi hiyo ieleweke, inabidi nimlete mtu mwingine. Baba yangu alipiga gitaa katika bendi ya dansi hapa mjini, enzi ambazo kila mji wa reli ulikuwa na bendi yake. Pembeni yake alisimama Mzaramo mmoja aliyeletwa Tabora na kazi ya reli, naye mpiga gitaa. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu babu zetu wakibeba mizigo ya misafara kwenda pwani na kurudi, na hawa wawili waliushika utani wao kwa bidii zote. Bendi ilipovunjika, wanachama waligawana vyombo. Baba alichukua amplifaya, mtani wake akachukua gitaa, na kila mmoja akaenda zake akitangaza kwamba amemlaza mwenzake. Gitaa la umeme bila amplifaya ni ubao wenye nyuzi, na amplifaya bila gitaa ni kabati. Walilijua hilo. Nadhani ndiyo sababu waligawana hivyo.

Kwa hiyo kila Jumamosi mchana mtani alikuja kwetu na gitaa lake limefungwa kwenye keria ya baiskeli. Hakupiga hodi. Aliingia moja kwa moja jikoni, akafunua sufuria, akamuuliza mama kama hicho ni chakula au ni dawa ya kuogeshea ng'ombe. Mama alimjibu kwamba mtu aliyelelewa kwa tui la nazi hana ulimi wa kuonjea chochote. Basi hapo nyumba ilikuwa imefunguliwa. Baba aliwasha ampu, akaifuta vumbi kwa kitambaa wakati ikipata moto, na wawili hao wakapokezana gitaa hilo moja mpaka jua linazama, huyu akipiga, yule akimkosoa. Mama alikaa uani akibangua karanga, na aliposikia kosa alipaza sauti kutoka hukohuko.

Baba alipofariki nilikaa ndani na mama na wanawake wengine, kwenye mkeka. Nje niliwasikia watani wakifanya yao, vicheko vikipasuka katikati ya vilio, na sauti ya mtani wetu ikiwa juu ya zote. Sikuona alichokuwa akifanya. Baada ya matanga ampu haikutoa sauti tena. Mtani, ambaye tayari alikuwa amestaafu, alihamia Usinge kwenye shamba lake na mizinga yake ya nyuki, na Jumamosi zikaisha. Nilipouliza ampu imepatwa na nini, niliambiwa imezima yenyewe, nikaridhika. Mtu akiwa na huzuni huridhika na majibu ya ajabu.

Kuna jambo jingine nililoliona lakini sikulitilia maanani. Tangu hapo tulikutana na mtani mara moja tu, stendi ya mabasi. Mama alimpa mkono, akamuuliza habari za shamba, akamtakia safari njema, bila tusi hata moja. Nilidhani ni uzee unamwingia mama.

Sasa mimi ni fundi wa redio, televisheni, simu na mitambo midogo ya sola. Nilisomea chuo cha ufundi, na banda langu halikosi wateja. Lakini mashine ya valvu nilikuwa sijawahi kuifungua. Niliitoa stoo, nyuma ya magunia ya karanga, nikaikuta ni sanduku la mbao lililovikwa kitambaa cheusi, limechakaa pembe, na mgongoni nyigu wamejenga vyumba vya udongo. Uzito wake ulikuwa wa kuudhi. Kaka yangu mkubwa alinikuta uani nimelikumbatia, akaniambia, "Hiyo wewe mpelekee mtu wa chuma chakavu, upumzike."

"Njoo ushike upande huu," nikamwambia.

Akashika, akanuna, tukaliingiza bandani.

Jambo moja nililijua kabla ya yote: umeme wa ndani ya mashine hizi ni ule wa kumrusha mtu, na kapasita zake zinaweza kuushika hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Kwa hiyo nilianza kwa kuzinyonya umeme kupitia rezista niliyoifunga vizuri kwenye waya, mkono mmoja ukifanya kazi na mwingine nimeuweka mgongoni usije ukashika chuma. Ndipo nikapumua. Nikafagia udongo wa nyigu, nikasafisha soketi na vitufe vya kuzungushia sauti, nikatazama kila kiungo kilicholehemiwa. Kapasita kubwa zilikuwa zimevimba na kuvuja. Hizo nilibadilisha zote bila kuziuliza. Koni ya spika ilikuwa imechanika ukingoni, nikaiziba kwa karatasi laini na gundi nyepesi. Mtandaoni nilipata mchoro wa ampu ya aina hiyo, nikauchapisha na kuubandika ukutani, na kwa kuufuata waya kwa waya nikajua kila soketi ina kazi gani.

Valvu, kwa asiyezijua, ni chupa za kioo zilizonyonywa hewa. Ndani kuna uzi unaopata moto, na kuuzunguka kuna vipande vya chuma. Uzi usipopata moto, chupa hiyo ni pambo tu. Ampu ya baba ilikuwa na chupa ndogo kadhaa na kubwa tatu. Kati ya hizo kubwa, mbili ndizo zinazoisukuma sauti kwenye spika, na moja hugeuza umeme wa transfoma uwe wa kuzilisha nyingine. Hiyo moja ikigoma, zote zinashinda njaa.

Nilipoiwasha mara ya kwanza niliipitishia umeme kwenye balbu kubwa, kama tunavyofanya kwa kitu tusichokiamini: kukiwa na hitilafu mbaya balbu inawaka sana na mashine inasalimika. Balbu iliwaka kidogo tu. Chupa ndogo zote zikaanza kung'aa taratibu. Lakini kati ya kubwa tatu iliwaka moja peke yake. Mbili zilibaki baridi, na moja ya hizo baridi ilikuwa kwenye soketi ya kugeuza umeme. Spika haikutoa hata mkoromo.

Nikapima soketi. Umeme wa kuwashia nyuzi ulikuwepo, sawa kabisa na mchoro. Nikachomoa ile chupa ya kwanza, nikapima miguu ambayo mchoro unasema ndiyo ya uzi. Mita haikuonyesha namba. Nikachomoa ya pili, nikapima ya kwake. Kimya vilevile. Basi, zimeungua zote mbili.

Niliwasiliana na fundi mmoja wa Dar es Salaam anayejua vitu hivi. Aliniambia zinapatikana kwa kuagiza nje, zitachukua muda wake, nimtajie namba zilizoandikwa kwenye kioo. Nikazigeuza chupa huku na huku. Hapakuwa na namba. Baba alizifuta, Jumamosi baada ya Jumamosi, kwa kile kitambaa chake.

"Bila namba naweza kukuletea kitu kitakachokuunguzia transfoma," akasema yule fundi. Alisema kweli.

Na mimi nilikuwa na wasiwasi mwingine. Chupa mbili haziungui pamoja bila sababu. Kuna kitu kiliziua, na kama sijakijua, zile mpya nazo zitakwenda njia hiyohiyo. Fundi ni kama mganga, lazima aulize mgonjwa alianza lini na alikuwa amekula nini. Nikaenda kwa mama.

"Siku ilipozima, ilizimaje? Ilitoa moshi? Ilipiga kelele?"

"Ilizima," akasema.

"Nani alikuwa ameiwasha?"

"Si nimekwambia ilizima." Akachukua beseni, akaenda kufua.

Kwa muda niliendelea kuhangaika na nilichokuwa nacho. Nilipima transfoma upya. Nililehemu tena viungo ambavyo havikuwa na ubaya. Nilimfokea mteja aliyekuja kuulizia simu yake, nikalazimika kumwomba radhi. Mchana mmoja mvua ikaanguka ghafla, ile ya kupiga mabati mpaka watu wanapigiana ukelele ili wasikilizane. Nilitoka mbio kuokoa nguo kwenye kamba, nikamkuta mama ameketi sebuleni amegeuzia mlango mgongo, anachambua mchele kwa utulivu. Nguo zake zilikuwa zinalowa na hakuwa na habari. Niliogopa sana. Nilirudi bandani nikiwa nimelowa, nikajua sitangoja chupa za nje.

Nikambana kaka. Nilimfuata kazini kwake, kwenye pikipiki zake za bodaboda, nikasimama mbele ya ile aliyotaka kuiondoa.

"Wewe ulikuwa nje siku za msiba. Ampu iliguswa na nani?"

Akatazama barabara. "Mambo ya mtani hayashtakiwi," akasema.

"Sishtaki. Natengeneza."

"Basi kamuulize mwenyewe. Na mimi sikukwambia kitu."

Ndipo nikaelewa kwa nini hakuna aliyekuwa akisema. Kwetu mtani msibani ana ruhusa ya yote. Atalala kwenye njia ya jeneza, atavaa nguo za marehemu, atachukua kitu cha thamani na kukishikilia mpaka akombolewe, na mfiwa hana ruhusa ya kukasirika wala kumlaumu baadaye. Kumlaumu mtani ni aibu kuliko hasara yenyewe. Watu wangu walikuwa tayari ampu ife stoo kuliko kutamka kwamba mtani ndiye aliyeigusa. Nilipokuwa nikizunguka na mita yangu nikitafuta hitilafu, nyumba nzima ilikuwa inaijua, na imenyamaza kwa adabu.

Nilizifunga zile chupa kubwa tatu kwenye pamba, nikaziweka ndani ya sufuria yenye mfuniko, nikapanda basi la kwenda Kaliua na kuunganisha mpaka Usinge. Nilimkuta mtani amekaa chini mbele ya nyumba yake, akisuka kamba za kufungia mizinga. Alikuwa amekonda, kofia yake ya kufuma imemshuka mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mama hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu."

Akaniletea maji. Akauliza habari za mvua. Nikauliza habari za nyuki. Tuliendelea hivyo mpaka nikahisi nakaribia kupiga kelele. Nilijaribu kuingilia habari ya ampu kwa upole, naye kwa upole akanijibu kwamba vitu vya zamani huchakaa. Hapo nikajua kwamba kwa njia hii nitarudi Tabora na sufuria yangu kama nilivyokuja.

Nikainuka, nikaingia ndani kwake bila ruhusa. Nikafunua chungu jikoni, nikatoka nacho, nikakaa kwenye kiti chake mwenyewe, nikaanza kula.

"Nyumba ya Mzaramo," nikasema, "hata kisamvu kimelala usingizi. Sasa niambie, mwizi wewe, baba yangu ulimwibia nini siku ya kumzika?"

Akaziweka kamba zake chini. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na sikujua kama anacheka au analia, na nadhani yeye pia hakujua.

"Mpagazi," akasema. "Mpagazi mtoto wa mpagazi. Mmekaa miaka yote hiyo ndiyo mnakuja kuuliza?"

Akanieleza. Siku ile, watu walipokuwa wanangoja jeneza, aliingia chumba cha uani ilimokuwa ampu, akaigeuza, akang'oa chupa zote. Akavua kofia, akazitia humo, akatoka nazo uwanjani akizunguka kwa waombolezaji, anatangaza kwamba Mnyamwezi huyu amekufa na meno yake yote, na yeye Mzaramo ndiye mrithi, na kama ukoo unayataka meno ya marehemu ukomboe. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Kaka yangu akaleta jogoo, akakombolea. Mtani akaingia tena chumbani humo kuzirudisha.

"Peke yako?"

"Peke yangu. Na hapo ndani hapakuwa na mtu wa kumchekesha." "Sikuwa naona vizuri, mwanangu. Macho yalikuwa yamejaa. Ndogo nilichomeka kwa ndogo, kubwa kwa kubwa, ilimradi zimeingia."

Siku ya kumaliza matanga, mimi nikiwa nimetumwa sokoni, alikuja na gitaa lake ampigie mwenzake wimbo wa kumuaga. Akachomeka, akawasha, watu wote wamekaa kimya wanasubiri. Haikutoka sauti. Akazima, akawasha tena. Mama alikuwa amesimama mlangoni anamtazama.

"Niliiua mimi. Hakuna aliyenilaumu, na nani angenilaumu? Lakini mama yako alikwenda ndani akatoka na kiti. Akakiweka mbele yangu, akaniambia, karibu ukae, pole na uchovu." Alifuta uso kwa kiganja. "Tangu lini mimi nikapewa kiti kwenye nyumba ile? Angenirushia mwiko ningelala usingizi. Amenipa kiti."

Nilifungua sufuria yangu, nikamwambia avue kofia, anionyeshe alivyozibeba. Akavua. Nikazipanga chupa tatu kubwa ndani yake, juani, nikazitazama.

Zikiwa kwenye ampu nilizitazama kwa kazi zake: hii ya kugeuza umeme, hizi za kusukuma sauti. Niliiuliza kila moja swali la soketi niliyoikuta nayo. Ndani ya kofia hazikuwa na soketi. Zilikuwa chupa tatu tu zenye kitako cha aina moja na umbo linalokaribiana, na nilipochungulia ndani ya vioo nikaona kwamba mbili ni pacha na moja ni mgeni. Pacha zilikuwa na bati moja pana lenye mabawa, na ndani yake nyaya nyembamba zilizozungushwa. Ya tatu ilikuwa na mabati mawili madogo yamesimama bega kwa bega, bila zile nyaya. Mgeni huyo ndiye niliyemkuta kwenye soketi ya kusukuma sauti, na pacha mmoja ndiye aliyekuwa kwenye soketi ya kugeuza umeme.

Mita ilikuwa kwenye mkoba. Nikaichukua, nikapima kila chupa upya, safari hii kwa miguu yake yenyewe, maana miguu ya uzi ya pacha si ile ya mgeni. Nyuzi zote zilikuwa nzima.

"Hukuiua," nikamwambia. "Ulizipishanisha. Kila moja ilikaa kwenye soketi isiyo yake, ikakosa umeme wa kuiwasha. Hakuna kilichoungua."

Hakuamini. Nikamwonyesha mara nyingine, nikamshikisha mita, akaona namba zinatokea. Aliirudisha kofia kichwani, akaivua tena.

"Jumamosi uje na gitaa," nikasema.

"Mama yako atanipa kiti."

"Usipokuja nitaleta ndugu zangu tukubebe. Sisi ni wapagazi, kubeba tunajua."

Nilifika nyumbani nikaenda moja kwa moja bandani. Nilirudisha pacha mahali pa pacha na mgeni mahali pake, nikawasha kupitia ile balbu. Balbu iling'aa, ikafifia, ikatulia. Chupa kubwa zikaanza kuwa nyekundu ndani, zote tatu. Nikapima umeme mkubwa: upo. Nikaipa muda, nikapima tena, haujayumba. Nikaondoa balbu, nikachomeka waya wa gitaa usio na gitaa, nikagusa ncha yake kwa kidole. Spika ikaunguruma mpaka misumari ikatikisika kwenye meza. Nilicheka peke yangu.

Kisha nikageuka nione kama mama amesikia. Alikuwa pale uani, hatua chache tu kutoka mlangoni, anakung'uta kapeti. Hakugeuka. Nikagusa tena ile ncha, kwa nguvu zaidi, na bado hakugeuka. Nikaizima. Nilikaa kwenye kigoda changu nikimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi ile nilifikiri kwamba pengine nimetengeneza kitu kwa ajili ya mtu ambaye amekwisha ondoka. Lakini nilikuwa nimesema nitaitengeneza, na Jumamosi ilikuwa bado haijafika. Nikaligeuza sanduku, nikaanza kuziba pembe zilizochakaa.

Jumamosi mchana mtani alikuja, si kwa baiskeli tena, alikuja kwa bajaji kutoka stendi, gitaa limefungwa kwenye shuka. Alipiga hodi. Mama alimfungulia, akampa mkono, akasema karibu sana, pole na safari, shamba linaendeleaje. Akamletea kiti. Mtani akaniangalia kama mtu anayepelekwa polisi, akakaa.

Ampu nilikuwa nimeiweka uani, mahali pake pa zamani. Niliiwasha, nikachukua kitambaa, nikafuta vumbi lisilokuwepo, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa ikifanywa. Mama aliletewa kigoda na kaka, ambaye siku hiyo hakwenda kwenye bodaboda zake. Nilimkalisha upande wa sikio la kulia, karibu kabisa na spika, nikauchukua mkono wake nikauweka juu ya sanduku. Aliukubali huo mkono ukae hapo, lakini uso wake haukuonyesha kitu.

Mtani akapiga. Alianza taratibu, vidole vimekauka kwa kamba na mizinga, kisha vikakumbuka. Ulikuwa ni ule wimbo ambao yeye na baba walikuwa wakigombania mwanzo wake, kila mmoja akidai ni wake. Sauti ya ampu ilikuwa ileile, ya joto, yenye ukungu kidogo pembeni, na mimi mwenyewe nilitaka kukimbia. Nikamtazama mama. Hakuna. Alikuwa ameinamisha kichwa, ametazama mkono wake juu ya sanduku kama mkono wa mtu mwingine.

Katikati ya wimbo mtani akakosea. Lilikuwa kosa lilelile alilokuwa akilifanya siku zote, mahali palepale, kidole kikiteleza kwenye uzi wa chini. Kaka akakunja uso. Mtani akaendelea.

"Hapo," mama akasema.

Mtani akasimamisha vidole.

"Hapo umekosea," mama akasema, na alikuwa anapaza sauti kama wafanyavyo watu wasiosikia vizuri. "Hapo unakosea siku zote. Marehemu alikufundisha mpaka akachoka, akafa. Na wewe nani amekupa kiti?"

Mtani akakitazama kile kiti.

"Nakuuliza, mla nazi wewe. Hicho kiti ni cha wageni. Ondoka, kaa chini."

Aliinuka taratibu, akakisogeza kiti kando. Akakaa chini kwenye udongo na miguu yake mirefu ameinyoosha, mgongo ameuegemeza kwenye sanduku, karibu na mkono wa mama. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni na hakuyafuta, maana mikono yote miwili ilikuwa kwenye gitaa.

"Anza upya," mama akamwambia. "Na upige kwa nguvu, Mzaramo. Sisikii vizuri."